Jino la Dhahabu la Bi Nasriya

Kwa miezi miwili kila nilichopika nyumbani kwa Bi Nasriya kilikuwa na ladha ya shaba. Ndivyo alivyosema yeye. Wali shaba, maharage shaba, hata chai ya tangawizi. Nilitupa sufuria mbili nzima, nikabadilisha chumvi, nikapikia maji ya chupa. Wapi! Alhamisi akanitangazia:

"Dativa, mwanangu, nna miaka sabini na minne, sitaki kufa kwa sumu. Jumapili n'takurejesha ofisini, wanipe mwengine."

Ofisi ni ile iliyonileta Muscat. Ukirudishwa kwa kosa la kupika vibaya, hakuna nyumba inayokutaka, unapandishwa ndege, na wanangu wawili Bukoba wanatoka shule. Mimi si mtu wa kunyamaza. Siku ile, badala ya kujibu, nilianza kupanga.

Ijumaa mdogo wa Bi Nasriya, Bi Zakiya wa Azaiba, alikuja kula mchana. Huyo haji mikono mitupu. Alinikabidhi jikoni mchuzi wa nguru wa nazi, mchuzi ambao Bi Nasriya huusifu kwa kila mgeni, kwamba Oman nzima hakuna mwenye mkono kama wa Zakiya. Nikaumimina kwenye bakuli letu la kila siku, nikautenga pamoja na wali, nikasimama pembeni na jagi la maji, mpole kama mtawa.

Bi Nasriya alitia tonge mdomoni, akakunja uso.

"Wamuona huyu, Zakiya? Hebu onja na wewe. Mchuzi umepikwa ndani ya kopo la rangi. Hata paka wa mtaani hawautaki."

Bi Zakiya alirudisha tonge lake sahanini taratibu. "Dada, mchuzi huo nimeupika mimi."

Nilimwaga maji kidogo. Ni furaha, nakiri.

Bi Zakiya alimkazia macho dada yake, kisha akamwamuru afungue mdomo. Pembeni ya jino la dhahabu, ufizi ulikuwa na mstari mweusi.

"Jino langu zima," Bi Nasriya alisema. "Dhahabu ni pambo tu, alinivisha marehemu mwaka tuliooana."

Hadithi hiyo naijua kwa moyo. Hakuna aliyewahi kukanyaga sebule ile asisimuliwe.

Jumamosi sote watatu tulikuwa kwa daktari wa meno, mtaa wa Ghubra, mimi nikiwa nimebeba mkoba. Daktari Wijdan aliivua ile kofia ya dhahabu, akatuonyesha kwa kioo kidogo. Chini yake palikuwa na jino bovu lililozibwa zamani kwa mchanganyiko wa zebaki na fedha, na kizibo chenyewe kilikuwa cheusi, kinamumunyuka.

"Dhahabu haiozi, Bibi," alisema. "Lakini ikikaa juu ya madini mengine, na mate yakaingia kati, hayo mengine ndiyo yanaliwa. Ladha ile inatoka hapa. Kizibo hiki nakitoa leo."

"Kumbe pambo," alisema Bi Zakiya.

Bi Nasriya aliangalia dari. Mimi niliangalia viatu vyangu, maana ningemtazama yeyote kati yao ningecheka, na kazi ilikuwa bado haijapona.

Jumapili nilipika mchuzi wa nguru kama ninavyoupika siku zote. Bi Nasriya alikula upande wa pili wa mdomo, polepole, mpaka sahani ikawa nyeupe. Radhi sikuombwa, hapo ningekuwa natafuta maziwa ya kuku. Alichukua simu akapiga ofisini mbele yangu.

"Msilete mtu," alisema. "Huyu wangu keshajua kupika. Nimemfundisha mwenyewe."

Nilipata afueni, na papo hapo hasira ikanipanda. Miezi miwili ya kumwaga chakula kizuri, halafu yeye ndiye mwalimu.

"Ahsante, Bibi," nikasema. "Na mimi nimekufundisha kuonja."

Alinisogezea sahani.

"Tia mchuzi," alisema, "na huo ulimi wako uuache jikoni."