Askari wa Mguu wa Bayingana

Katika vilima vya Muheto hapakuwa na mguu uliotukuka kama mguu wa kulia wa Bayingana. Ndio aliokuwa akiupiga chini alipotaja majina ya sifa ya ng'ombe wa mahari, fimbo juu, koo wazi, mpaka wakwe wakasahau kwamba ng'ombe wenyewe wamekonda. Kazi hiyo hufanywa kwa kusimama. Mtaja majina akikaa, ng'ombe hurudi nyumbani kwa aibu.

Sasa mguu huo ulikuwa umechanwa na seng'enge, na mahari ya Muhire, mwana wa Sebagabo, ilikuwa mwisho wa mwezi.

Bayingana alijitibu kwa hekima ya ukoo. Kila asubuhi alibandua kigaga kwa ukucha ili kidonda kipumue, kisha akakipaka siagi ya ng'ombe iliyolala kibuyuni tangu Krismasi. Siagi aliletewa na Kanyamibwa, mtaja majina mwenzake, ambaye kwa huruma kubwa alikuwa ameshaanza mazoezi ya kushika nafasi yake. Mguu ulivimba kama mtungi wa maziwa, ukawaka moto, ukatoa harufu ambayo hata mbwa aliiheshimu kwa mbali.

Binti yake Natacha, anayesomea uuguzi Walikale, alikuja likizo akautazama.

"Papa, unajua usaha hii iko nini?"

"Uchafu inatoka na siagi. Iko alama muzuri."

"Iko maiti ya askari. Mu damu yako kuko askari weupe. Wadudu wakiingia, mwili inafungulia askari njia, njo maana mguu inawaka na inavimba. Wanameza wadudu, wanakufa pale pale. Wengine wanakuja kufagia, nyama mupya inajengwa. Na wewe kila asubuhi unabomoa nyumba, unapelekea adui siagi."

Bayingana alimtazama kwa upole wa mzazi aliyesomesha bure.

"Askari anakufa mu kazi, hajafunga barabara na bariere, hajaomba mbuzi, hajabeba hata kuku? Mutoto yangu, huyo haiko askari. Walikudanganya kule Walikale."

"Basi, Papa Kanyamibwa njo atasimama."

Hoja hiyo, isiyo na sayansi hata chembe, ilimpandisha pikipiki mpaka kituo cha afya. Alipewa vidonge vya kuwasaidia askari aliokuwa akiwahujumu. Nyumbani, Natacha aliosha kidonda kwa sabuni na maji yaliyochemshwa yakapoa, akakifunga kitambaa safi, akakificha kibuyu. Kazi ngumu ilikuwa ukucha wa mgonjwa; ikabidi mzee mzima alale amevaa soksi mikononi.

Siku ya mahari uvimbe ulikuwa umekwisha, na nyama changa ilikuwa inakifunga kidonda polepole. Bayingana akasimama. Kanyamibwa, aliyekuja na koti jipya kwa tahadhari tu, aliombwa ashike fimbo za wageni.

Majina yakamiminika. Alipofika kwa ng'ombe wa mwisho, mweupe, Bayingana alimwita Askari-Asiyeomba-Mbuzi.

Wakwe wakanyoosha shingo. Hakuna aliyewahi kusikia ng'ombe wala askari wa namna hiyo.

"Papa," mama mmoja akauliza kutoka nyuma, "hao askari wanakaa wapi? Utuletee wao hapa."

"Wanakaa mu mguu yangu, Mama," Bayingana akajibu, akiupiga chini taratibu, kwa adabu. "Na sitaazimisha muntu."