Mpira wa Fundi Tisa

Mpira wake ulipopotea mara ya pili, Fundi Tisa, mkata soli mwenye vidole tisa, alianza kumshuku Mama Pacha.

Mpira wenyewe ulikuwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Mashine ya kukata soli ina vitufe viwili: kisu hakishuki mpaka ubonyeze vyote, mkono huku na mkono huku, ili usiache mkono chini yake. Tisa, kwa haraka zake, alikifunga kimoja kikabaki kimebonyezwa. Kosa hilo ni la kufukuzwa kazi, naye alibakiza miezi minne astaafu.

Jumatatu waliletwa vibarua watatu, wakakabidhiwa mashine bila hata nusu saa ya mafunzo. Wawili walipangwa nyuma kabisa. Wa tatu, Mama Pacha, aliwekwa jirani na Tisa, macho kama sindano, hayabanduki mikononi mwake.

"Mbona waniangalia hivyo, mwanangu? Nimeota pembe?"

"Najifunza, mzee. Hicho kidole kilienda wapi?"

"Kwa mamba. Nilimchapa ngumi, akatema saa yangu, kidole akabaki nacho."

Hakucheka. Huyu katumwa na ofisi, Tisa akajisemea, anakusanya ushahidi.

Alhamisi akapaka grisi chini ya mpira mpya. Baada ya chakula, haupo. Akazunguka akisalimiana na kila mtu kwa mkono, kama mwomba kura. Kiganja cha Mama Pacha kilikuwa cheusi tii.

Basi nimekwisha, akawaza, akamvizia aone ataupeleka ofisi gani. Hakwenda ofisini. Alirudi kwenye mashine yake, akautoa mpira mfukoni, akafunga kitufe vilevile kama Tisa afungavyo. Mkono wa kushoto ukaingia chini ya kisu kunyoosha soli, wa kulia ukaenda kwenye kitufe.

Tisa aliruka kama kijana, akapiga swichi nyekundu. Kiwanda kizima kikanyamaza.

"Nisamehe, mzee," mwanamke alisema. "Mashine zetu zililetwa hazina hicho kifaa. Wenzangu nimeshawapatia. Tungeuliza, wangejua hatujui kazi."

Tisa akatazama nyuma: mashine mbili, mipira miwili, yote yake.

Msimamizi akaja mbio. "Nani kazima? Na huu mpira wa nani?"

Mama Pacha akainamisha kichwa. Tisa akachomoa kisu chake kidogo, akaukata.

"Wangu. Na ile ya kule nyuma ni yangu pia. Andika."

Msimamizi alipokwenda kuleta fomu, Mama Pacha akanong'ona, "Na yule mamba, mzee?"

Tisa akaipiga mashine yake kofi la ubavuni.

"Huyu hapa."