Kuku wa Kupeleka Rubondo

Kwa miaka ishirini Edvina aliwaambia watu wa Nshamba kwamba aliwahi kufanya kazi kisiwani Rubondo, kwenye hifadhi ya taifa. Aliwasimulia habari za sokwe na tembo kana kwamba walikuwa majirani zake. Kikundi chao cha akina mama kilipoamua kwenda kuitembelea hifadhi hiyo, hakuna aliyeuliza nani apange safari.

"Mama Avit, wewe ndiye mwenyeji wetu," alisema Judica, ambaye walikutana nyumbani kwake, akipitisha kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. "Tubebe nini?"

"Panga la kukatia kuni," Edvina akajibu bila kusita. "Na kuku wawili wazima, waitu, ndugu zangu. Hatuwezi kufika kwa watu mikono mitupu."

Agnetha, mwalimu wa shule ya msingi, akaandika kwenye orodha, chini ya jina la Edvina kama mwenyeji wa safari. Kisha akapiga simu hifadhini kuuliza habari za boti, akaweka sauti kubwa wote wasikie, akaisoma na ile orodha.

Kijana wa upande wa pili akacheka kwa adabu. "Mama zangu, huku hatukati hata tawi. Na kuku wa nyumbani hawaruhusiwi, wanaweza kuleta magonjwa. Nani kawaambia hivyo?"

Punje ya kahawa ikamkaukia Edvina mdomoni.

"Tumekosea kuandika," Judica akawahi. "Asante, mwanangu." Simu ilipokatwa, akamgeukia Edvina taratibu. "Zamani utaratibu ulikuwa mwingine, sivyo, Mama Avit?"

Ilibaki Edvina aitikie tu. Lakini Agnetha alikuwa amemtazama, kalamu mkononi, akimwamini bado.

"Sijawahi kufika Rubondo," Edvina akasema, macho kwenye mkeka. "Nilikuwa Goziba, kile kisiwa cha wavuvi. Nilikuwa nawapikia wavuvi ugali kambini. Mwanamke wa kambini, niliogopa mtaniitaje nikirudi."

Anatolia, jirani yake, akaangua kicheko. "Kumbe! Na wale sokwe wote uliwatoa wapi?"

Edvina akaanza kutafuta kandambili zake. Judica akamshika mkono.

"Kaa. Marehemu mume wangu alivua Goziba. Aliniambia kuna mama wa Nshamba kule, hamnyimi chakula mtu aliyerudi na nyavu tupu. Siku zote nilijua ni wewe."

Siku zote! Edvina akakumbuka harusi na misiba, yeye akisimulia habari za sokwe, na Judica pembeni akiuliza, "Halafu ikawaje?" ili asikwame. Kicheko cha Anatolia angeweza kukisahau. Lile swali la upole lilimchoma hadi masikioni.

"Mwalimu, futa panga na kuku," Judica akasema. "Jina lake liache palepale juu. Sisi wengine hata boti hatujawahi kupanda."

"Mimi nitakaa karibu naye," Anatolia akanong'ona. "Maji nayaogopa."

Edvina hakuinua uso. Ila mkono wake hakuutoa mkononi mwa Judica.