Thelathini na Saba Haigawanyiki

Sikuwahi kuichukia namba yoyote hadi kwaya yetu ya kanisa la mtaa wa Jamhuri ilipoamua kwenda mashindano ya mjini. Sheria ilikuwa kwamba kila kwaya isimame kwa safu zilizo sawa. Mwalimu Dalmas, kiongozi wetu, akatuhesabu kama kawaida yake, akianza kwa kujigusa kifua, "Mmoja," ndipo akatunyooshea kidole sisi wengine. Tukawa thelathini na saba.

Tulijipanga watatu watatu, akabaki mtu. Wanne wanne, akabaki mtu. Watano watano, wakabaki wawili. Kila mara nilikuwa kwenye mabaki, kwa kuwa mimi ndiye niliyejiunga mwisho.

"Hiyo ni prime, Mukonyo," akasema Ivyne, ambaye hufundisha hesabu. "Haigawanyiki. Labda wote tusimame laini moja."

Laini moja ya watu wote hao ingeishia chooni, nje ya kanisa.

Mwalimu Dalmas akakuna kichwa. "Mmoja akitoka tunabaki thirty-six. Hiyo inagawanyika vizuri sana."

Wakanigeukia. Wanawake niliowasuka kibandani kwangu Kenyatta Market kwa bei nafuu ya watu wa kanisa, wakanitazama na misuko yangu ikiwa vichwani mwao! Nikatoka huku nimefura. Hapa Nairobi sina ndugu. Kwaya ile ndiyo iliyokuwa jamaa zangu.

Wiki nzima nilisuka huku namba hiyo ikinisumbua. Mbona kubwa hivyo na haikubali kitu? Niliigawa kwenye simu kwa mbili, kwa sita, kwa tisa, mpaka mteja akalalamika kwamba namvuta nywele.

Jumamosi nikaenda kuwatazama wakifanya mazoezi ya mwisho. Mwalimu Dalmas alikuwa mbele yao akiwaongoza kwa mikono. Nikaduwaa. Kama yuko mbele, basi hayumo kwenye safu! Kumbe waimbaji tulikuwa thelathini na sita tangu mwanzo, sita mara sita, na mimi nikiwemo.

"Mwalimu!" nikapiga kelele mlangoni. "Ulijihesabu!"

Wimbo ukakatika. Akajigusa kifua, midomo ikihesabu kimyakimya. "Haki ya Mungu," akasema. "Si ni ukweli."

Nilifurahi. Kisha nikaziangalia zile safu. Zilikuwa sawa kabisa.

"Sasa hawa wamepangikaje bila mimi?" nikauliza.

"Sita sita ilikataa, mtu akapungua," akasema Ivyne. "Tukajaribu watano watano, ikakubali. Hatukujua ni kwa nini."

Watano mara saba, thelathini na tano. Nikahesabu tena, nikidhani nimekosea. Nikiwemo, namba inagawanyika. Nisipokuwemo, inagawanyika pia. Jibu langu lilikuwa sahihi na halikunisaidia chochote, na mpaka leo sielewi inawezekanaje.

"Kwa hivyo nirudi?"

Mwalimu Dalmas akatazama saa, akatazama safu zake. "Dada Mukonyo, hii imeshashikana. Tukipangua leo tutaharibu. Next time, sawa?"

Nikangoja hata mmoja wao anitetee. Iliniuma. Mwimbaji mmoja wa safu ya mbele akanijia, nikadhani anakuja kunishika mkono. Akanipa mkoba wake nimshikie, kisha wengine nao wakaleta ya kwao.