Mikono ya Bingwa

"Hakuna kazi ya nyumbani iliyowahi kuishinda mikono hii!" Bingwa aliwatangazia wanafunzi wake mtandaoni, kwa sauti nzito kama ya mtangazaji wa mpira.

Na ukitazama video zake ungeamini. Mikono inakunja shuka lenye lastiki likatulia kama bahasha. Mikono inazibua sinki. Mikono inapiga pasi suruali mpaka mstari wake ungeweza kukata mkate. Watu walilipia, wakajifunza, wakaleta na wenzao.

Tatizo lilikuwa moja tu, tena dogo: mikono ilikuwa ya dada yake.

Bingwa alijaliwa mdomo. Mikono yake mwenyewe ilijua kushika simu na kijiko, basi. Dada mtu alikuwa na mikono, lakini akiambiwa aseme mbele ya kamera anakauka kama ukuta. Wakaungana: mmoja afanye, mwingine aseme, malipo wagawane katikati. Video zikaonyesha viwiko kwenda chini, na maisha yakasonga.

Mpaka wanafunzi walipoanza kuuliza mwalimu ana sura gani, naye mdomo ukamponyoka akawaahidi somo la mubashara. Na mpaka mjomba wao, mwenye nyumba waliyoishi na mwenye duka la saruji na mabati, alipochoka kumsikia kijana mzima anashinda chumbani akiongea peke yake.

"Nasikia Jumamosi unafundisha mubashara," mjomba alisema. "Na mimi nimejiandikisha. Nikiona ni kazi, sikusumbui tena. Nikiona ni porojo, Jumatatu uko dukani kwangu unabeba saruji."

Bingwa alishawahi kunyanyua mfuko mmoja wa saruji. Mgongo ulimnunia wiki nzima.

"Dada, tumekwisha," alinong'ona.

"Umekwisha wewe. Mimi saruji inanihusu nini?"

"Dada yangu kipenzi..."

"Mwone! Leo nimekuwa kipenzi. Haya, lete lile shati lako pana."

Jumamosi ikafika, somo likawa kushona kifungo. Bingwa alikaa kwenye stuli mbele ya simu, mikono yake ameikalia. Dada alipiga magoti nyuma yake, akajiingiza ndani ya shati kutokea mgongoni, na mikono yake ikachomoza kwenye mikono ya shati. Haoni kitu, lakini kifungo anaweza kukishona hata akiwa usingizini.

"Mwalimu, pole na mgongo," mwanafunzi mmoja aliandika.

"Ni mto," Bingwa alijibu. "Kazi hii ni ya kukaa."

Mto ukamfinya.

Mikono ikaanza kazi, na ilikwenda mbio. Shida ikawa mdomo. Bingwa hakujua hata kidogo kinachofanyika pale chini, wala mikono haikumngoja. Akaamua kujaza maneno. "Sasa sindano tunaizamisha. Usiiogope! Zamisha zaidi! Kitambaa chochote unachokutana nacho huko ndani, pita nacho! Uimara wa kifungo ndio huo!"

Kisha pua ikaanza kumwasha. Akavumilia. Machozi yakamtoka.

"Pua," akanong'ona pembeni mwa mdomo.

Mkono ukapanda, ukapapasa sikio, ukapapasa jicho, ukaifikia pua na kuikuna kwa bidii, sindano ikiwa bado katikati ya vidole.

"Huyu ni mtaalamu," waliandika. "Hata sindano haiogopi!"

Bingwa akaanza kupumua. Kifungo kimekaa, uzi umekatwa, pongezi zinamiminika. Alishaona Jumatatu yake akiwa amelala hadi adhuhuri.

Mlango ulio nyuma yake ukafunguliwa kwa kishindo.

"Bingwa!" Alikuwa mjomba, katokea sebuleni, simu mkono mmoja, mkono mwingine kifuani. Shati lake alikuwa amelishona pamoja na fulana, na fulana pamoja na kitambaa cha kochi, ambacho sasa kilikuwa kinaburuzika miguuni kama mkia. "Miwani yangu ya karibu siioni, nimefuata mdomo wako neno kwa neno! Umesema kila kitambaa nipite nacho, nimepita nacho! Tazama, nimetoka na kochi!"

Halafu akatupa macho kwenye stuli. Vya karibu vilimshinda mjomba, lakini vya mbali aliviona vizuri sana. Na kutoka pale mlangoni, aliona viganja viwili vya Bingwa vimebanwa chini ya mapaja yake mwenyewe. Aliona sketi. Aliona nyayo za mpwa wake wa kike zimechomoza chini ya shati la kaka yake.

Bingwa aliendelea kutabasamu kwenye simu, kwa sababu hakujua afanye nini kingine na uso wake.

"Nauliza mara moja tu," mjomba alisema polepole, darasa zima likimsikia. "Hapa anayefundisha ni nani?"

Bingwa alifungua mdomo kujibu. Lakini mkono wa kulia wa shati lake ulishanyooka juu, wima, kama wa mwanafunzi anayejua jibu.