Masahihisho ya Swali la Tano

Jumanne moja ya Agosti, katika darasa la saba la shule fulani ya Rhotia, Mwalimu Clemensi alifuta ubao kwa kipande cha godoro na kuandika maswali ya kupanga sentensi. Mtihani wa taifa ulikuwa umekaribia na vitabu havikutosha, kwa hiyo sentensi alizitunga mwenyewe kutokana na mambo ya kijijini. Kazi ya wanafunzi ilikuwa kuzipa herufi A hadi E ili zilete mtiririko wenye mantiki. Aliyekosa alichapwa fimbo moja, kisha akafanya masahihisho, yaani kuliandika jibu sahihi kwa mwandiko mzuri na kulipeleka mezani likawekewe vema.

Dorkasi, binti wa Silvanus, alikuwa hodari wa hesabu lakini sentensi zilimsumbua. Tena alivyozipanga ndivyo mambo yalivyokwenda. Wiki iliyotangulia aliandika kwamba watoto walikula makande, kisha shangazi akayainjika, kisha akachambua maharage. Jioni hiyo nyumbani kwao walikula wakashiba, halafu wakaketi kuchochea moto, halafu shangazi yake Antonia akachukua ungo. Shangazi alinung'unika juu ya kuni tu. Kesho yake Dorkasi alifanya masahihisho, na chakula kikarudi kwenye utaratibu wake.

Sasa swali la tano lilimhusu mama yake.

Cresensia alifariki.
Gari la wagonjwa lilifika.
Silvanus alipiga simu zahanati.
Cresensia alijifungua mtoto wa kiume.
Cresensia alishikwa uchungu.

Mwalimu hakuwa na nia mbaya. Jambo hilo lilitokea Machi, kila mtu alilijua, na swali la mambo yanayojulikana ni rahisi kujibu. Siku ile gari lilikuwa limewapeleka wageni wa mkubwa mmoja Ngorongoro kuangalia faru, kwa kuwa lilikuwa na viti vizuri. Lilipofika kwa Silvanus, kina mama walikuwa wameshamaliza kumwosha marehemu. Dereva alipewa chai, akanywa, akaondoka.

Dorkasi aliziangalia sentensi kwa muda mrefu. Hakuna sentensi inayoruhusiwa kuachwa. Aliitafutia ile ya kufariki mahali ambapo isingemdhuru mtu, akaona ni mwanzoni kabisa. Akaipa A. Uchungu akaupa B, simu C, gari D, na kujifungua E.

Mchana Cresensia alitoka kaburini nyuma ya zizi, akakung'uta udongo kwenye kitenge na kuingia ndani. Mtoto Inosenti, ambaye shangazi Antonia alikuwa amembeba mgongoni, alirudi tumboni kwa mama yake. Shangazi alibaki na kanga tupu, akaikunja. Cresensia alisalimia, akauliza kwa nini mtungi hauna maji, akashikwa uchungu. Silvanus alipiga simu, na kabla hajairudisha mfukoni gari lilikuwa mlangoni. Akajifungulia hospitalini Karatu, salama, na kesho yake asubuhi alikuwa nyumbani anachambua mboga. Alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo hapakuwa na lingine la kumpata. Jumapili alikwenda kanisani. Mama aliyekuwa amezoea kukaa mahali pake alisogea.

Walioumia ni wageni. Jumanne hiyo pia gari lilikuwa limepeleka wageni wa mkubwa Ngorongoro, na liliondoka chini yao wangali wamekaa. Askari wa hifadhi waliwakuta kwenye ukingo wa kreta, katika ukungu, na vyakula vyao magotini. Lawama zikashuka kwa simu kutoka ofisi hadi ofisi mpaka zikamfikia Mwalimu Clemensi.

Yeye alikuwa ameshasahihisha. "Umekosa," alimwambia Dorkasi. "Leta mkono."

Dorkasi aliuleta, akachapwa. Kisha akauliza, "Mwalimu, kwa nini gari lisije kabla?"

Mwalimu aliwageukia wengine. "Darasa, gari huja lini?"

"Mwishooo!"

"Umesikia? Hiyo ndiyo mantiki. Nenda kafanye masahihisho."

Hakufanya. Kila asubuhi mwalimu aliuliza masahihisho yako wapi, na kila asubuhi Dorkasi alileta mkono bila kuambiwa. Baada ya zile lawama mwalimu akaongeza kwamba mwanafunzi asiye na masahihisho hataingia chumba cha mtihani. Alisema kwa upole, maana alimpenda mtoto huyu na alitaka afaulu.

Nyumbani Silvanus alisema, "Basi acha shule, mwanangu. Shamba lipo, tutalima."

 Cresensia alikuwa anaipaka samli mikono ya binti yake, ambayo ilikuwa imevimba hata kijiko kilimshinda.

"Andika," alisema.

"Sitaki, mama."

"Nimeshakufa mara moja, kule nimeshapaona. Hakuna kazi ngumu. Wewe hujaona hata kidato cha kwanza."

"Nimesema sitaki!"

"Unataka wakuvunje vidole, halafu kalamu uishike na nini? Andika, Dorkasi. Usinibishie."

Dorkasi alilia, na katika kulia huko alimchukia mama yake kuliko alivyomchukia mwalimu, kwa sababu mwalimu hakuwa na nguvu ya kumfanya atii. Cresensia alimwacha alie. Baadaye alisonga ugali.

Jumatatu Cresensia aliamka mapema. Alimsuka Dorkasi mistari, akamnyonyesha Inosenti mpaka akakataa mwenyewe, akamwonyesha shangazi Antonia dumu la mbegu lilipo. Akamwambia Silvanus aichaji simu, maana angetakiwa kupiga. Kisha akajilaza kitandani kusubiri, na mtoto wake mkubwa akaenda shule.

Darasani Dorkasi alifungua daftari, akapiga mstari, akaandika "Masahihisho". Akaandika kwamba Cresensia alishikwa uchungu. Akaandika kwamba Silvanus alipiga simu zahanati. Akaandika kwamba Cresensia alijifungua mtoto wa kiume, na hapo alikaa sana, kalamu ikiwa juu ya karatasi, mpaka mwalimu akagonga meza kumkumbusha kwamba kuna vipindi vingine. Sentensi ya nne aliiandika kwa mwandiko mzuri, kwa sababu masahihisho ya mwandiko mbaya hurudiwa.

Akamalizia ya tano. Alipokuwa anapeleka daftari mezani, gari la wagonjwa lilipita barabarani mbele ya shule, king'ora kikilia, likielekea kwa Silvanus. Mwalimu Clemensi alisubiri kelele zipungue. Akasoma mstari kwa mstari, akaweka vema kubwa jekundu, akamshika Dorkasi bega na kumgeuza awatazame wenzake.

"Amepata," alisema. "Mpigieni makofi."

Darasa zima likapiga makofi.