Kisiki cha Athena

Deinia aling'oa kisiki cha mzeituni mtakatifu, na adhabu ya kosa hilo ilikuwa kufukuzwa Athene na shamba lake kuchukuliwa na mji.

Kilikuwa kisiki kikavu, kimeungua tangu wakati wa vita, lakini kilikuwa mali ya Athena, mungu wa kike wa mji. Kilimvunjia plau mara mbili. Asubuhi moja alimwita Tibio, mtumwa mzee aliyeachiwa kama urithi na baba yake, wakachimba, wakakata mizizi, wakakipakia mkokotenini. Tibio ndiye aliyemfundisha Deinia kulima kwa ng'ombe. Hakuna mwingine aliyewaona.

Jirani yao Mnesilo akaona shimo. Alimkuta Deinia sokoni, kwa wauza jibini, akapaza sauti.

"Deinia! Kisiki chako kimeota miguu?"

"Sijawahi kuwa na kisiki pale."

"Basi nipe Tibio aulizwe. Au unaogopa atakachosema?"

Watu wakageuka. Mahakamani, neno la mtumwa halikuhesabika mpaka litoke akiwa amefungwa kwenye gurudumu na kunyooshwa. Waliamini maumivu hayajui kudanganya. Bwana aliyekataa kumtoa mtumwa wake alikuwa kama amekiri.

"Mchukue," Deinia akasema.

Nyumbani mkewe, Fanostrate, alikuwa anakanda unga wa shayiri.

"Umemtoa yule mzee?"

"Ulitaka tukaishi wapi?"

Akaendelea kukanda.

Siku ya kumpeleka, Tibio alimuuliza njiani, "Bwana, niseme nini?"

Deinia alitazama barabara. "Tembea. Tutachelewa."

Mnesilo aliuliza swali lile lile tangu asubuhi hadi jua la utosi. Tibio alijibu lile lile: hapakuwa na kisiki. Deinia alisimama pembeni, kama desturi ilivyotaka. Alisikia mfupa ukivunjika. Alikuwa anawaza kwamba tini zilizoanikwa juu ya dari hazijageuzwa.

Kesi ilipofika, maneno ya Tibio yalisomwa mbele ya wazee wa mahakama. Wakapiga kura, Deinia akaachiwa. Watu walimshika mkono.

"Haki imeonekana, ndugu yangu!"

"Imeonekana," akasema.

Alipofika nyumbani alimpelekea Tibio divai zizini, alikolazwa.

"Kwa nini hukusema kweli?"

"Ningesema, wewe ungefukuzwa, mali yako ingenadiwa, na mimi ningeuzwa kwenye migodi ya fedha. Kule mtu wa umri wangu hamalizi mwaka."

"Mimi nilidhani ni kwa ajili yangu."

Tibio alicheka, kisha akaacha kwa sababu ya mbavu. "Kunywa mwenyewe, bwana. Siwezi kushika kikombe."

Deinia akainywa, amesimama pale pale. Haikuwa na ladha.

Msimu wa kulima ulipofika, plau ilipita pale kwenye kisiki bila kukwama. Gharama yake ilikuwa hii: mkono wa kulia wa Tibio, ambao haukunyanyuka tena. Vidole viwili vya mkono wa kushoto. Goti moja. Ng'ombe wawili waliozoea sauti yake, na kwa Deinia wakawa hawaendi mpaka wapigwe. Kilichopatikana ni kipande cha ardhi, hatua nne kwa tatu. Mwaka ule kilitoa kikapu kimoja cha shayiri, na hakikujaa.